Kiungo Hubaki Kama Kilivyofungwa: Uchambuzi wa Mrija wa Kusinyaa

Waya hutoka kiwandani ukiwa umevaa ganda moja lisilo na mwanya, kuanzia mwanzo wa bunda hadi mwisho wake. Faiba nayo ni vivyo hivyo. Kisha anakuja fundi na kisu. Anakata, anachuna, anaunga, na tangu hapo sentimita chache alizozigusa ndizo zinazobeba hatari ya njia nzima. Taa ya pikipiki inayowaka na kuzima, pampu ya boti inayokataa kuamka, sola inayopoteza nguvu kabla ya kufika kwenye betri, intaneti inayokatika mvua ikinyesha: mara nyingi ukifuatilia hitilafu hizi utafika mahali palipochunwa, pakaungwa, pakafunikwa vibaya.

Kifaa cha kufunikia mahali hapo kipo, na si cha anasa. Ni mrija wa kusinyaa, yaani mrija mwepesi wa plastiki unaovishwa juu ya kiungo ukiwa mpana, kisha ukapashwa joto hadi ubane. Kwa kuwa ni kitu kidogo, watu huukosea heshima kwa namna mbili. Wako wasioutumia kabisa, wakiona tepu nyeusi inatosha. Wako wanaoutumia wakiamini kwamba chochote kilichofunikwa kimekuwa salama. Kosa la pili linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kiungo kilichofunikwa vizuri kwa macho kinaweza kuwa kimeanza kuharibika siku hiyohiyo. Mrija haurekebishi kiungo. Unakihifadhi jinsi kilivyokuwa dakika ulipobana. Kikiwa safi, kikavu na imara, kitabaki hivyo kwa miaka. Kikiwa na unyevu, vumbi au kona, navyo vimefungiwa humo. Mengine yote kuhusu mrija huu yanatokana na ukweli huo.

Plastiki inayorudi kwenye umbo lake

Mirija mingi hutengenezwa kwa poliolefini, jamii ya plastiki ambamo polietilini ya ndoo na mifuko nayo imo. Polietilini ya kawaida ikipata joto hulainika, na joto likizidi huyeyuka, kwa sababu minyororo mirefu ya molekuli zake hupitana tu bila kushikana. Mwaka 1952 mwanasayansi Arthur Charlesby, aliyekuwa akifanya kazi Harwell nchini Uingereza, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba polietilini ikipigwa mionzi yenye nguvu, minyororo hiyo hufungana yenyewe kwa yenyewe. Inakuwa mfano wa wavu wa kuvulia: utaunyoosha, utaukunja, utaubadilisha umbo, lakini nyuzi zake haziachani kwa kuwa zimefungwa mafundo. Mwaka 1957 Paul Cook alianzisha huko California kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Raychem, ambayo iliifanya kemia hiyo ya mionzi kuwa bidhaa za kukinga nyaya.

Kiwandani, mrija hutengenezwa kwanza ukiwa mwembamba, kwa ukubwa ule utakaokuwa nao mwisho. Hupitishwa kwenye miale ya elektroni ili minyororo ifungane. Kisha hupashwa joto, hupanuliwa, na kupozwa ukiwa bado umepanuliwa. Ukipoa, sehemu za plastiki hiyo hujipanga kuwa fuwele ndogondogo ambazo huushikilia mrija katika upana usio wake. Fundi anapoupasha joto, fuwele zinayeyuka, kizuizi kinaondoka, na minyororo iliyofungana inauvuta mrija kurudi ulikotoka.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ya kushika. Kwanza, mrija una kikomo: hausinyai chini ya ukubwa uliozaliwa nao, hata uuchome namna gani. Pili, ukifika joto lake haumwagiki kama plastiki ya ndoo, ndiyo maana unaweza kubana bila kupoteza umbo. Tatu, safari yake ni ya mara moja. Ukishasinyaa haupanuki tena, na ukikosea dawa yake ni kuukata na kuanza upya.

Uwiano wa kusinyaa huandikwa kwenye pakiti. Mrija wa 2:1 hufika nusu ya upana wake, wa 3:1 hufika theluthi, na wa 4:1 hufika robo. Aina nyingi za poliolefini huanza kusinyaa kati ya nyuzi 70 na 90 za Selisiasi na kumaliza zikikaribia 120. Ziko plastiki nyingine za kazi ngumu zaidi, mfano zile za jamii ya Teflon, ambazo huhitaji joto kubwa zaidi, baadhi hata kuzidi nyuzi 300. Hizo zina mahali pake kwenye injini na tanuri, lakini ukizivisha juu ya waya wa kawaida, ganda la waya litaungua kabla mrija haujasogea.

Adui wa kiungo cha shaba

Tepu nyeusi ya umeme ina kazi yake, lakini ina udhaifu unaoonekana haraka katika nchi za joto. Gundi yake hulainika, tepu inateleza, pembe inainuka, na vumbi linanata juu ya gundi iliyobaki wazi. Fungua kiungo kilichofungwa tepu chini ya kiti cha pikipiki iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja misimu miwili ya mvua. Tepu inatoka ikiwa na utelezi mweusi unaonata vidoleni. Nyuzi za shaba zilizokuwa nyekundu zimekuwa na weusi, na penye chumvi ya bahari zimeota ukoga wa kijani. Ukichuna ganda zaidi ili upate shaba safi, unakuta weusi huo umeingia ndani sentimita kadhaa. Maji hayakuishia kwenye kiungo. Yalinyonywa katikati ya nyuzi nyembamba na kusafiri chini ya ganda.

Hesabu inaonyesha kwa nini hilo ni jambo zito. Kiungo kizuri kina ukinzani mdogo mno. Tuseme kutu imeupandisha hadi omu 0.1, na mkondo unaopita ni ampea 10. Hapo volti 1 inapotea kwenye kiungo, na wati 10 za joto zinazaliwa ndani ya sentimita moja au mbili za waya. Katika mfumo wa sola wa volti 12, kupoteza volti 1 ni kupoteza sehemu ya kumi na mbili ya ulichonunua. Joto nalo linalainisha ganda na kuongeza kasi ya kutu, na kutu inaongeza ukinzani. Kiungo kinajila chenyewe.

Mrija wa kawaida, wa ukuta mmoja, huzuia mguso na msuguano. Unazuia pia maji ya kurushiwa kwa kiasi fulani, lakini hauzibi kabisa, kwa sababu kati ya plastiki na plastiki hubaki upenyo mwembamba. Kwa gari, pikipiki, boti, pampu ya kisima au taa ya nje, mrija unaofaa ni wa kuta mbili, wenye gundi ngumu ndani. Joto linapopita, ukuta wa nje unasinyaa na gundi ya ndani inayeyuka, inajaza mianya, kisha inapoa na kushikana na ganda la waya. Dalili ya kazi iliyokamilika huonekana kwa macho: mstari mdogo wa gundi unachungulia pande zote mbili za mrija. Usipouona, usiseme umeziba.

Kuchagua ukubwa

Hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Kanuni ni mbili, na zote lazima zitimie kwa pamoja: ukiwa mpana, mrija upite juu ya sehemu nene kuliko zote, na ukisinyaa hadi mwisho, uwe mwembamba kuliko sehemu nyembamba itakayofunikwa.

Tuchukue waya wenye unene wa nje wa mm 3, na kiungo chake kimefika mm 5. Mrija wa mm 6 wenye uwiano wa 2:1 utapita vizuri juu ya kiungo, lakini kikomo chake ni mm 3. Utagusa waya bila kuubana, na baada ya muda utacheza. Mrija wa mm 6 wenye uwiano wa 3:1 unaweza kufika mm 2, kwa hiyo ukikutana na waya wa mm 3 bado una nguvu ya kukaza. Kwa macho mirija hiyo miwili inafanana dukani. Tofauti iko kwenye uwiano, nao usipoandikwa mahali, muulize muuzaji au kata kipande ukijaribu.

Urefu nao una hesabu yake. Mrija unaposinyaa kwa upana hupungua pia kidogo kwa urefu, kwa aina nyingi kati ya asilimia 5 na 15. Ukikata mrija sawasawa na sehemu iliyochunwa, ukishapoa utaona shaba. Acha mrija ulale juu ya ganda zima walau sentimita moja kila upande, na zaidi ya hapo panapotarajiwa maji. Ukate kwa mkasi mkali, maana mkato wenye meno huwa mwanzo wa mpasuko mrija unapokaza.

Mpangilio wa kazi wenyewe ndio mtihani. Mrija huvishwa kwenye waya kabla ya kuunga, kwa sababu baadaye hakuna njia ya kuupitisha. Usukumwe mbali na kiungo, maana joto la pasi ya lehemu husafiri ndani ya shaba, na mrija uliokaa karibu utasinyaa kabla ya zamu yake. Kiungo kikishalehemiwa, kilainishwe: uzi mmoja uliochomoza au ncha kali ya lehemu utatoboa mrija unapobana, na tundu hilo hutaliona. Kisha kikauke. Baada ya hapo ndipo mrija urudishwe juu ya kiungo na kupashwa.

Joto bora ni la hewa moto, na lizungushwe mrija mzima. Anza katikati uende pembeni, ili hewa itoke kadiri mrija unavyobana. Ukianza pembeni pande zote mbili unafungia hewa na unyevu katikati, ndani ya chumba ulichokijenga mwenyewe. Wengi hutumia kiberiti cha gesi. Kinaweza kufanya kazi kwa mkono mtulivu unaosogea muda wote bila ulimi wa moto kugusa, lakini hatari yake ni ya kweli: upande mmoja unaungua na kuwa na masizi huku mwingine ukiwa haujasinyaa, na ganda la waya, ambalo mara nyingi ni PVC iliyopimwa kuhimili nyuzi 70 tu kwa kazi ya kila siku, linavimba. Karibu na petroli au betri inayochajiwa, moto wa wazi haufai hata kidogo.

Faiba: pale mrija unapokuwa mfupa

Kwenye shaba, mrija ni ganda. Kwenye faiba unabeba wajibu mzito zaidi, kwa sababu kinachofunikwa ni kioo. Uzi wa faiba una kipenyo cha maikromita 125, na ndani yake njia ya mwanga, kwa faiba ya masafa marefu, ina upana wa takriban maikromita 9. Kiwandani uzi huo huvikwa rangi ya plastiki inayoufikisha maikromita 250. Plastiki hiyo nyembamba ndiyo inayoufanya ukunjike bila kukatika. Kioo chenyewe kina nguvu kubwa kikiwa hakina mkwaruzo. A. A. Griffith, mhandisi wa Uingereza, alieleza miaka ya mwanzo ya 1920 kwamba kioo huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo za juu yake, ambazo hukusanya mvutano kwenye ncha zake. Unyevu huzisaidia nyufa hizo kukua polepole. Kwa hiyo faiba iliyochunwa ni kitu kilichovuliwa nguo mbele ya adui zake wawili: vumbi linalokwaruza na maji yanayopanua mkwaruzo.

Fundi wa faiba hana budi kuichuna ili aiunge. Anavisha kwanza kinga ya kiungo upande mmoja, anachuna plastiki, anafuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti safi ya isopropili, anakikata kwa kisu maalumu kinachoacha uso ulionyooka, kisha mashine inalinganisha ncha mbili na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Kazi nzuri hupoteza mwanga wa desibeli 0.02 hadi 0.05 tu. Lakini mashine inapomaliza, kilichopo mikononi ni sentimita tatu hivi za kioo kitupu.

Kinga inayowekwa hapo ni mrija wa kusinyaa wenye sehemu tatu. Nje kuna mrija wa poliolefini, mara nyingi wa kuona ndani. Ndani yake kuna kijimrija cha plastiki laini inayoyeyuka. Kati ya hivyo viwili kuna kijiti cha chuma kisichoshika kutu. Katika tanuri ndogo ya mashine, mrija wa ndani huyeyuka na kukizunguka kioo, wa nje hukaza vyote pamoja, na kijiti hubaki kama mfupa unaozuia kiungo kisipinde. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na waya: hapa mrija unashika umbo pamoja na kufunika.

Urefu wa kinga hauchaguliwi kwa mazoea. Kisu kikikata kwa kuacha mm 16 za kioo kila upande, kiungo kina mm 32 tupu. Kinga ya mm 60 itabaki na mm 14 kila upande za kushika plastiki ya awali, nayo inatosha. Kinga ya mm 40 itabaki na mm 4 tu, ambazo ni kidogo mno, kwa kuwa kuteleza kidogo kunaacha kioo nje. Anayetaka kutumia kinga fupi apunguze kwanza urefu anaouchuna, mathalani mm 10 kila upande, ndipo apate mm 10 za kushika.

Tanuri za mashine nyingi hupasha kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu ileile tuliyoiona kwenye waya. Povu la hewa likibaki limegusa kioo, hupanuka na kusinyaa kila joto la mchana na ubaridi wa usiku vinapobadilishana, na kila mara huusukuma uzi. Punje moja ya mchanga ikiingia kabla ya kupashwa, mrija utaikaza juu ya kioo kwa nguvu zake zote. Hapa hakuna faraja ya kusema kwamba kinga ilikuwepo. Kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa kibano.

Kisha kuna subira. Kinga ikitoka kwenye tanuri bado ni laini, ingawa ukiitazama inaonekana imekwisha. Fundi mwenye foleni ndefu huinyakua na kuibana kwenye trei papo hapo. Ikipinda wakati huo, itaganda na pindo hilo, na mwanga utavuja hapo daima. Kifaa cha OTDR, kinachopima mwanga unaopotea ndani ya faiba, hukamata kosa hili: pindo hupoteza mwanga mwingi zaidi kwenye nanomita 1550 kuliko 1310, kwa hiyo anayepima kwa mawimbi yote mawili atajua kama tatizo ni pindo au ni ncha zilizoungwa vibaya. Anayepima kwa wimbi moja tu anaweza kukiunga upya kiungo ambacho hakikuwa na kosa, kisha akakipinda tena vilevile.

Kwa nini desibeli chache ziwe na uzito? Faiba ya kawaida hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye nanomita 1550. Kiungo chenye hasara ya desibeli 0.5 kinakula mwanga sawa na kilomita 2.5 za njia. Katika mtandao wa faiba wa majumbani wenye bajeti ya desibeli 28, kigawanyio kimoja cha matawi 32 hula karibu 17. Zinabaki 11 kwa kila kitu kingine. Viungo kumi vizuri vitachukua nusu desibeli. Viungo kumi vya kulipua vitachukua 5, na mteja wa mwisho wa mtaa ataambiwa kifaa chake ni kibovu.

Njia ndefu, viungo vingi

Afrika Mashariki iliunganishwa na mikongo mikubwa ya baharini kuanzia mwaka 2009, SEACOM na TEAMS zikitangulia na EASSy kufuata mwaka 2010. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, ilionekana wazi kwamba intaneti ya eneo hili inapita chini ya bahari. Lakini kabla ya kufika kwa mtumiaji mwanga huo husafiri nchi kavu, kwenye Mkongo wa Taifa wa Tanzania, kwenye mitandao ya Kenya, Uganda na Rwanda, na huko ndiko viungo vilikojaa. Fikiria njia ya kilomita 400 iliyojengwa kwa mabunda ya kilomita 4, kila kebo ikiwa na faiba 48. Maungio yatakuwa karibu 100, na vijikinga vya kusinyaa karibu 4,800. Kila kimoja kilipita mikononi mwa mtu.

Juu ya vijikinga hivyo kuna kasha la maungio, linalozikwa shimoni au kuning'inizwa nguzoni. Makasha mengi huziba mlango wa kebo kwa mrija mkubwa wa kusinyaa wenye gundi. Kanuni zake ni zilezile: kebo isuguliwe kwa msasa na kufutwa ili gundi ishike, joto lizunguke pande zote, gundi ichungulie, na kebo isitikiswe hadi ipoe. Kasha likiruhusu maji ya masika kuingia, kila kinga iliyo ndani itajaribiwa kwa miaka. Anayefanya kazi hiyo shimoni, mvua ikinyemelea, anahitaji hema, muda na kitambaa kikavu. Kumharakisha ni kuhamishia gharama kwa wanaokuja baada yake.

Mipaka yake

Mrija usipewe kazi zisizo zake. Haupunguzi joto la waya uliozidiwa mzigo. Hauzuii shaba na alumini zilizosokotwa pamoja zisilane, kwani hizo zinahitaji kiunganishi chake maalumu. Hauchukui nafasi ya boksi la kuungia ndani ya ukuta wa nyumba. Mirija myembamba ya kawaida aghalabu hupimwa kwa volti 600, na nyaya za msongo wa kati zina vifaa vyake vyenye tabaka za kusawazisha nguvu ya umeme, ambavyo si vya kubahatisha. Juani tumia mweusi, kwa kuwa masizi yaliyomo ndani ya plastiki huikinga na miale ya jua. Wa kuona ndani ni mzuri mahali pa kukagua, lakini aina nyingi huchoka mapema zikiachwa juani.

Yanayotakiwa kubadilika si ya gharama kubwa. Vyuo vya ufundi vimpe mwanafunzi alama kwa kiungo kilichofunguliwa baada ya kuloweshwa, badala ya kumpa kwa kilichopendeza mezani. Anayetoa kandarasi ya faiba adai vipimo vya mawimbi mawili kwa kila kiungo, na aandike kwenye mkataba aina na urefu wa kinga. Mwenye pikipiki, boti au sola amuulize fundi maswali mawili kabla hajaanza: mrija una gundi, na umeshauvisha? Fundi anayejali kazi yake atafurahi kuulizwa. Yule mwingine atajua kwamba mteja huyu atakifungua kiungo na kukitazama.